Chai ya Maua Bila Maziwa

Jumamosi nilikuwa Mogogosiek, kwa rafiki yangu mwalimu aliyerudi kutoka masomoni Uchina. Alitupangia mezani mikebe ya chai za huko. Jirani yake, mama anayechuna majani chai tangu usichana wake, alinusa mkebe wa kwanza, akacheka.

"Hii inanuka moshi kama jikoni yangu."

Wa pili ulinukia maua. Hiyo ndiyo tuliyoletewa, nyepesi, bila maziwa. Mama alikunywa polepole, akafumba macho, akaomba kikombe kingine. Kisha akaniinamia na kuninong'oneza, "Ng'ombe ya hawa watu ilikufa lini?"

Nikamweleza kwamba Wachina hunywa hivyo hivyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Nililala hapo, na asubuhi mama alirudi na jagi la maziwa yaliyokamuliwa muda huo huo, yangali na povu. Akaliweka mbele ya mwalimu.

"Pole, mwalimu. Sasa pika ile ya maua."

Mwalimu alisita, lakini akaipika. Tukainywa mpaka sufuria ikabaki kavu. Wachina ni mafundi wa chai, sibishi. Walichokosa ni jirani tu.