Kana za Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa nguo hapa Kamembe, na fundi wa nguo hashiki udongo. Doa moja la tope kwenye gauni la harusi, mteja harudi tena. Hiyo ndiyo sababu yake, na ameitumia tangu tuoane. Jembe ni langu. Mboga za lengalenga, vitunguu na karoti za uani ni jasho langu. Kazi yake yeye ni kupenda. Na katika vyote hivyo akachagua kupenda kana, maua mekundu yenye majani mapana kama ya mgomba, ambayo mtu hayali, na ambayo yalikalia udongo mzuri kuliko wote, karibu na mlango.

Kila jioni akitoka dukani alisimama mbele yake, mikono mgongoni, akiyasifu utadhani ameyapalilia mwenyewe. Nilimwambia mapenzi ya macho hayajazi sufuria. Alicheka tu.

Siku moja mbuzi wa jirani alikata kamba akaingia uani. Nilipotoka hapakuwa na ua wala jani, vimebaki vishina vilivyotafunwa. Jirani alikuja kuomba radhi, nikampokea vizuri kupita kiasi, maana kichwani nilikuwa nimeshapanda maharage pale. Kilichobaki ni kumkabili mwenye maua. Nikapanga maneno yangu, nikamsubiri.

Alikuja, akasimama pale pale.

"Leo maua yangu inapendeza kweli," akasema.

Nilidhani ananikejeli, kwa kuwa ni mtu wa mzaha. Nikamuuliza ni lipi limempendeza zaidi. Akanyoosha kidole kwenye vishina vitupu.

"Ile ya ku mulango. Iko nyekundu sana."

Basi macho yake hayaoni. Kumbe ndiyo maana siku hizi alinipa mimi nimtungie uzi kwenye sindano, akidai vidole vyangu ni vyepesi! Nikamwambia ukweli, mbuzi amekula yote. Akakiri kwamba tangu mfungo wa Ramadhani anaona ukungu, na vitambaa anavikata kwa kupapasa. Nikasema kesho tunakwenda kwa daktari wa macho. Akakataa.

"Bantu bakisikia fundi haone tena, nani ataleta kitambaa?"

Mimi nikisema nimesema. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa woga mtupu. Asubuhi nilichukua funguo za duka, nikazificha kifuani, nikamshika mkono mpaka hospitali. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. La kulia litapasuliwa. La kushoto hakutuahidi kitu. Tumepewa zamu yetu, tunasubiri.

Jana niliomba machipukizi ya kana kwa mama mmoja wa mtaa wa chini, nikaanza kuchimba pale karibu na mlango. Mume wangu alisikia jembe, akatoka na kukaa kizingitini. Akauliza ninapanda nini, nikamwambia.

"Panda maharagi, Maman. Ile maua, mi sitaiona."

"Utaiona, Papa. Na kama hauione, kila asubui nitakuambia namna iko."

Nikaendelea kuchimba, yeye uso wake umenielekea. Machozi yalinitoka waziwazi mbele yake, wala sikujisumbua kuyafuta.