Hema la Watu Wawili

Gereji nzima ilimwita Breki. Kwanza, breki ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote. Pili, maneno yake yalikuwa machache, na hata hayo machache yalitoka kama yamekanyagiwa breki. Ndoa ilimshinda miaka mingi nyuma. Mahakama ikampa mama mtu malezi ya mtoto, naye Breki akabaki na Jumapili mojamoja, nazo zilitegemea kama binti hana mtihani, hana mafua, wala hana safari na baba yake wa kambo.

Binti hakuwa mtoto wa kuomba. Viatu vikimbana alinyamaza. Njaa ikimuuma alisema ameshiba. Kwa hiyo Jumapili moja alipoweka kijiko chini na kusema, "Baba, nataka tukalale kwenye tamasha, mimi na wewe," Breki alimwangalia kama mtu aliyesikia ukuta ukiongea.

"Tamasha gani?"

"Lile la muziki la kiangazi, kule viwanja vya nje ya mji. Watu wanapiga kambi mpaka mwisho. Tuchukue hema la watu wawili. Darasani kwetu wote wanaenda na baba zao." Akaona amezidisha chumvi. "Si wote. Baadhi."

"Tutaenda, mama," akasema Breki. Alimwita mama kwa sababu binti alirithi jina la bibi yake, aliyemzaa Breki.

Kumbe tiketi za kambi ziliuzwa mtandaoni tu, kuanzia saa nne asubuhi, tena siku ya kazi. Breki alimwomba msimamizi ruhusa, akajibiwa kwamba kuna teksi inasubiri pedi mpya za breki, na mwenye gari anazungukazunguka nje kama kuku anayetafuta pa kutagia. Basi akaingia chini ya ile teksi, simu ameiegemeza kwenye tairi mahali anapoweza kuiona.

Saa nne ilipogonga, kioo cha simu kikaandika: *Uko kwenye foleni. Usifunge ukurasa huu.* Chini yake palikuwa na kijitu cha kuchorwa, kinatembea kutoka upande huu wa kioo kwenda upande ule. Kilipiga hatua, kikasimama. Kikapiga nyingine, kikasimama tena.

Fundi mpaka rangi, aliyefanya kazi upande wa pili wa gereji, akaja kuchungulia. "Foleni gani hii isiyo na mgongo wa mtu mbele yako? Ya mkate angalau unaweza kumsukuma mtu."

"Nyamaza, utakishtua."

Kijitu kilifika. *Zamu yako.* Breki akachomoka chini ya gari na kubonyeza, kioo kikakataa. Vidole vilikuwa vimejaa grisi. Akavifuta kwenye ovaroli, na ovaroli ilikuwa chafu kuliko vidole. Mpaka rangi akalowesha tambara kwa mafuta ya taa, akamkamata kidole kimoja na kukisugua kama anayemnawisha mtoto. Safari hii kioo kikakubali. Hema la watu wawili: zipo nafasi. Jina lake. Jina la binti. Umri wa binti.

Hapo likatokea swali jipya. Mtoto wa umri huo lazima athibitishwe na mlezi wake wa kisheria. *Je, wewe ndiye mlezi? Ambatisha hati. Kama siye, weka namba ya mlezi, naye athibitishe sasa hivi.*

"Bonyeza ndiyo," mpaka rangi akamhimiza. "Si wewe baba yake?"

"Wanataka hati."

"Huna?"

"Ninayo."

"Inasemaje?"

Breki akateremsha ukurasa hadi kwenye namba ya mlezi. Aliweka namba ya mama mtu, kisha akaazima simu ya mpaka rangi... akaghairi, maana namba ngeni yule mama hapokei. Akampigia kwa simu yake mwenyewe, jicho moja likiwa kwenye ukurasa. Simu iliita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa upesi zaidi. Dakika za kwenye kioo zilikuwa zinapungua na yeye hakuwa na chochote cha kushika, cha kufungua wala cha kukaza. Alipiga mpaka kioo kilipoandika: *Muda umekwisha. Nafasi zote za kambi zimejaa.* Akaendelea kubonyeza, hata pale pasipo na kitufe.

Mwenye teksi akaingiza kichwa mlangoni. "Vipi fundi, imeisha?"

"Imeisha," akasema Breki.

Jioni mama mtu akampigia mwenyewe, sauti imechangamka. "Mzazi mwenzangu, asubuhi kulikuwa na moto gani? Niko kwenye foleni ya tiketi za kambi, na kila ukipiga ukurasa unarukaruka. Ilibidi nikukate. Lakini tumepata! Hema la watu wanne: mimi, mume wangu na watoto wote wawili. Tulitaka kumshtukiza binti yako, maana kila siku anaimba tamasha, tamasha. Haya, ulikuwa unasemaje?"

"Hapana kitu. Nilibonyeza vibaya."

"Mara zote zile?"

"Mikono ilikuwa na grisi."

Jumapili iliyofuata binti alikuja na uso wa msibani. "Ungemwambia mama kwamba sisi ndio tuliosema kwanza."

"Ningemwambia, halafu?"

"Mmoja wao angebaki nyumbani, wewe uchukue nafasi yake."

"Nani? Mdogo wako?"

Binti akafikiri. Mdogo wake alikuwa ameshaanza kulala na viatu vya safari miguuni. Machozi yakamtoka, naye Breki hakujua mikono aiweke wapi; mwishowe akaiweka mezani, mmoja juu ya mwingine, akangoja.

Ijumaa ya tamasha alikuwa chumbani kwake anafua ovaroli kwenye beseni, simu ikaita. Ngoma zilimpiga sikioni kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Baba! Unasikia?"

"Nasikia makelele! Sema, mama!"

"Nimesema ... wewe ... hapa!"

"Mimi nini?"

"Wewe!" Binti alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote. "Nimesema ..."

Mtandao ukakatika. Alipopiga yeye, sauti ya mashine ikamwambia namba hiyo haipatikani kwa sasa. Akapiga tena, ikamjibu yaleyale. Akaketi ukingoni mwa kitanda, povu likimdondoka viwikoni, akaongeza sauti ya simu mpaka mwisho na kuilaza gotini, kioo kikiwa juu.