Kuni Alizozikataa Mchwa

Nakumbuka Julai moja, mwanangu, baridi ya Thika ilipokuwa ikiingia hadi kwenye mifupa, na mama yangu alikuwa mgonjwa wa kifua. Tulikaa Kamenu, mimi na yeye tu, katika nyumba ya mbao. Chumba chake kilipashwa joto na jiko la kuni nililolitengeneza mwenyewe kwa pipa kuukuu. Miaka yote mama ndiye aliyetafuta kuni. Alipoanguka kitandani kazi ikanijia mimi, kijana wa miaka ishirini na miwili niliyejiona mkubwa mno kuonekana na mzigo wa kuni mgongoni.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mti wa mukima uliokauka. Kuuangusha na kuupasua kungenichukua siku nzima ya shoka, nikaona ni kazi nyingi. Kando ya barabara mafundi walikuwa wamebadilisha nguzo za stima na kuacha vipande vya zile za zamani. Nikavileta kwa mkokoteni, nikijisifu njia nzima. Mjinga hajijui, na mimi sikujijua.

Vilishika moto mara moja. Vilitoa mafuta meusi na moshi mzito, lakini nyumba ilipata joto ambalo hatukuwa tumelizoea. Mama akaweka mkono kifuani.

"Njoroge, hii moto yako inanifikia hadi hapa."

Nikadhani ananishukuru. Nikacheka, nikaongeza kipande. Alipokohoa nikasema ni baridi, nikaongeza kingine. Nilifanya hivyo wiki mbili, mwanangu. Kila alipokohoa, nilichochea.

Kisha dada ya baba, tata Wairimu, akaja kutoka Ruiru kumwona mgonjwa. Alisimama mlangoni akanusa.

"Hii ni kuni gani inanuka lami?"

"Ni nguzo ya stima, tata. Inashika mbio."

Hakupaza sauti. "Hiyo huwekwa dawa ndio mchwa asiikule. Kitu mchwa amekataa, wewe unapatia mamako avute?"

Akaumwagia moto maji, akafungua dirisha. Mimi nikachukua shoka, na jioni ile mukima ukawa chini. Mama aliota moto wa mukima siku nne, akaaga dunia. Daktari alisema kifua kilikuwa kimeharibika tangu mwanzo, na watu hunikumbusha hilo ili nijifariji. Sijifariji. Mama alinionyesha mahali panapomuuma, nami nikasikia sifa.

Jana nilikuona ukiingia hapa kwenye ploti yetu ya Mwihoko na mbao za mjengo, zimejaa rangi na gundi, na mtoto wako sisi majirani tunamsikia akikohoa. Sikukuita kwa sababu ulikuwa na wenzako, na aibu ya kijana naijua.

Sasa nakuambia. Choma kilichokuwa mti na hakijatiwa kitu kingine. Kikaushe kwanza. Dirisha lisifungwe lote, hata baridi ikiuma. Na mtu wa nyumbani mwako akikuambia moto unamfikia, weka kuni chini, umuulize unamfikia wapi.

Nyuma ya mlango wangu kuna mukima mkavu niliopasua mwenyewe kwa mikono hii ya uzee. Njoo uchukue leo, kabla hujawasha zile. Mungu akuachie mtoto wako, na asikupe kamwe sababu ya kusimulia kama mimi.