Njegere za Mama Ourania

Kwa miaka mingi Garifalia alibandika kwenye karatasi mimea iliyochumwa na watu wengine. Profesa huyu kachuma, daktari yule kachuma, yeye kazi yake sindano na gundi tu, pale mjini inapohifadhiwa mimea mikavu ya kisiwa kizima cha Krete. Alichotaka duniani ni karatasi moja, hata iwe kwenye kabati la mwisho kabisa, yenye lebo iliyoandikwa: "Umechumwa na Garifalia."

Kwaresima moja, kijijini kwao, mama mkwe wake, Mama Ourania, akarudi na aproni iliyojaa njegere mwitu, machipukizi yale yanayoliwa kwa siki. Garifalia akaona ua la manjano hafifu, moyo ukamwenda mbio. Aina ile haikuwa imeletwa kabatini tangu kabla hajazaliwa! Akanyakua shina moja kabla halijafika kwenye bakuli, akalikandamiza kati ya magazeti, chini ya godoro.

Ikabaki lebo. Mmea usioandikwa mahali ulikotoka, mkuu wake wa kazi angeutupa.

"Mama, umezichuma wapi?"

"Mlimani."

"Mlima upi?"

"Ule wa juu."

Watu wa kule watakupa binti yao umuoe, lakini mahali pa mboga za mwitu hawakuonyeshi ng'o. Garifalia akabembeleza, akanuna. Asubuhi moja akamfuata kwa kunyata. Kizee akamzungusha mabondeni mpaka jua la utosi, wakatokea nyuma ya banda lao wenyewe.

"Umefaidi matembezi, mwanangu?"

Garifalia akaangua kilio, cha kweli kabisa, akamweleza habari ya lebo na jina lake. Mama Ourania akaacha kukunja aproni.

"Kumbe anayechuma anaandikwa? Na watu wanasoma?"

"Wanasoma, mama. Hata wageni."

"Basi nitakwambia. Ila jina langu usiliweke, hata herufi moja. Weka lako."

Garifalia akambusu mikono yote miwili. "Haya, wapi?"

"Makaburini. Zimestawi zaidi juu ya baba mkwe wako. Alikuwa mnene, Mungu amrehemu."

Akaandika hivyo hivyo: kijiji, kaburi, na jina lake.

Jumapili Padri Prokopis, aliyemzika mzee yule, alikula kwao. Akasogeza sahani aongezewe njegere.

"Tamu hizi! Nani kazichuma?"

Mama Ourania akamtazama mkwewe kwa upole.

"Garifalia, padri. Hata imeandikwa."