Kiatu cha Kushoto cha Mpaka Rangi

Saa mbili kasoro asubuhi. Mama Ngazi anafungua mlango wa bati wa kibanda chake, anatoa toroli nne na ngazi tano za mbao. Anaegemeza ngazi ya kwanza ukutani, anakaza kanga kiunoni na kuipanda mpaka juu, akikanyaga kila kipandio kwa nguvu. Anashuka, anahamia ya pili. Ana miaka hamsini na miwili na magoti yake yanalalamika.

Akimaliza, anafuta vumbi kiatu kimoja cheusi cha mwanamume kilicho rafuni.

Kiatu hicho ni dhamana. Mama huyu, aliyeachiwa kazi ya kukodisha vifaa vya ujenzi na marehemu mumewe, hana habari na vitambulisho. Anayechukua kifaa huacha kiatu cha kushoto na kuondoka na ndala. Wateja wapya hucheka. Waliozoea huja na ndala mkononi.

"Kitambulisho mtu anakisahau mwaka mzima," anasema. "Lakini harusini utaendaje na kiatu kimoja?"

Kwa miaka kumi na moja mtindo huo ulimwangusha mara moja tu, jamaa mmoja alipouza toroli yake. Alimshtaki na hajutii. Kwake, anayeuza kitu cha kukodi ni mwizi kama wezi wengine.

Basi fundi mpaka rangi mmoja alipokaa wiki saba na ngazi ndefu kuliko zote, simu haipatikani, alianza kumshuku. Aliona mtu anayetelekeza kiatu kizuri vile alishapanga kutorudi. Askari wa kituo cha jirani aliandika maelezo, akamwambia imebaki sahihi yake na kujua nyumba ya jamaa ilipo, ili akamatwe kwa wizi.

Mama Ngazi aliulizia kwenye duka la rangi, akaelekezwa nyumbani kwake. Alikwenda na kiatu ndani ya mfuko, kiwe ushahidi.

Alimkuta mpaka rangi amekaa mkekani uani, mguu wa kushoto umefungwa plasta hadi gotini. Ngazi ilikuwa imelazwa mbele yake naye alikuwa akichonga kipandio kipya. Siku ya pili tu ya kazi, kipandio cha tatu kutoka juu kilichomoka. Alianguka, simu ikapondeka chini yake, naye hakumwambia mkewe ngazi ilikodiwa wapi.

"Nisamehe, mama," alimwambia. "Niliona aibu kukurudishia kitu kibovu. Nilitaka niitengeneze kwanza."

Kipandio kile Mama Ngazi alikijua. Alikuwa amekifunga kwa waya, akijiambia atakigongomea msumari wiki ijayo, na wiki ijayo haikufika.

"Mimi nilikuwa namwandikisha mwizi," anasema, sauti imeshuka. "Na yeye angeniandikisha nani?"

Alimweleza habari ya waya palepale. Anakiri hajawahi kusema jambo gumu kama hilo. Mpaka rangi aliendelea kuchonga.

Mama Ngazi hakurudi kituoni kutia sahihi. Alikwenda kuomba maelezo yafutwe. Bado anaamini wezi wapo na polisi wana kazi yao, ila sasa hamshtaki mtu kabla ya kufika kwake, wala hakodishi ngazi kabla ya kuipanda mwenyewe.

Ngazi imerudi, imara kuliko zote. Kiatu alijaribu kukiacha siku ileile aliyokwenda kwake, mwenyewe akakataa.

"Kaa nacho, mama," alisema. "Nitakifuata kwa miguu yangu."

Plasta inatolewa mwezi ujao. Mama Ngazi ameshanunua dawa ya viatu.