Uzito wa Mgeni Rasmi

Niliporudi nyumbani Kitengela kutoka chuoni, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mtaa mzima uliamini kwamba mtu aliyesomea kompyuta anaweza kutengeneza chochote chenye waya. Nililetewa redio, nikaletewa pasi, na siku moja nikaletewa jokofu zima juu ya mkokoteni. Nilipoeleza kwamba mimi huandika programu tu, mwenye jokofu alimgeukia mama yangu na kumwambia kwa huruma, "Pole sana. Lakini bado ni msichana mdogo, anaweza kusomea kitu ingine."

Mama alikuwa na duka la nafaka kando ya barabara ya Namanga. Jirani yake alikuwa mzee mmoja mwenye bucha, mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu ambaye familia yake ilihamia huku kutoka Kaskazini Mashariki kabla sijazaliwa. Sisi tulikuwa Wakristo kutoka upande wa Kati. Kati ya duka na bucha palikuwa na ukuta wa mabati, na kwa miaka mingi mama na mzee walizungumza kupitia mabati hayo bila kuonana, kila mmoja akihudumia wateja wake. Kazi yangu ya kwanza ilipitia hapo.

"Jirani," sauti ya mzee ilisema, "huyo msichana wako bado anakaa tu?"

"Anakaa na kompyuta yake," mama akajibu, huku akipima maharagwe.

"Mwambie niko na kazi. Ya kompyuta, si ya jokofu."

Mzee alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mnada wa mifugo huko Kajiado. Kamati ilikuwa imepata mzani wa umeme, mkubwa wa kubeba fahali, lakini aliyeuunda alikuwa ameweka kidirisha cha namba chini kabisa, karibu na kwato. Aliyeweza kukisoma ni mtu mmoja aliyechuchumaa. Akitaja uzito, muuzaji anasema amepunguza, mnunuzi anasema ameongeza. Kamati ilikuwa imebadilisha wasomaji hadi ikamleta shemasi wa kanisa, na shemasi naye akaitwa mwongo na pande zote mbili kabla ya saa sita mchana.

"Nataka namba kubwa," mzee aliniambia. "Mtu aone akiwa kule kwa ua wa mwisho. Akitaka kuita mtu mwongo, aite hiyo mashine."

Kompyuta niliyopewa ilikuwa kuukuu, imechoshwa na ofisi fulani ya Nairobi, na haikuweza kubeba mfumo wenye mapambo. Nikaweka mfumo wa bure tulionakiliana chuoni, na juu yake seva ya skrini peke yake. Seva hiyo ndiyo mmiliki wa kioo. Programu nyingine yoyote ni mteja, na mteja haruhusiwi kugusa kioo hata kwa nukta moja. Kazi yake ni kuomba. Naomba dirisha. Naomba rangi nyeupe. Naomba unifutie hapa, kisha unichoree saba kubwa pale. Wenzangu waliopata kazi mjini walitumia madirisha na vitufe vilivyokuja tayari, kwa hiyo hawakuyaona maombi haya hata siku moja; kulikuwa na wa kuwaombea. Mimi sikuwa na wa kuniombea. Niliyaandika mwenyewe, moja baada ya jingine, mezani chumbani, huku upepo wa Kitengela ukinimwagia vumbi kwenye kibodi.

"Siku hizi unafanya nini huko ndani?" mama aliniuliza.

"Naandika maombi," nilijibu bila kufikiri.

Mama alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona akifurahia masomo yangu. Jumapili iliyofuata, akina mama watatu wa kanisa walinishika mkono kwa nguvu na kuniambia nisichoke, yatajibiwa. Sikupata ujasiri wa kuwarekebisha. Isitoshe, walikuwa wameelewa kazi yangu kuliko mwenye jokofu.

Kwa kuwa sikuwa na mzani nyumbani, niliandika programu ndogo ya kujifanya mzani, ikatuma namba za ng'ombe wa kubuni. Ile kubwa ikazipokea na kuomba zichorwe. Kila namba ilitokea papo hapo, nyeupe juu ya nyeusi, kubwa kama sufuria za harusi. Nilikuwa nimeweka kitufe kimoja cha kusimamisha kila kitu, na kati ya namba na namba programu iliuliza kama nimekibonyeza. Mzee alikuja kuona, akaketi kwenye kitanda changu, akazitazama namba zikibadilika.

"Ni nzuri," alisema. "Hiyo ya kubonyeza itoe."

"Kwa nini, mzee?"

"Binti yangu, ukiweka kitu ya kubonyeza mahali watu wanauza ng'ombe, kila mtu atabonyeza."

Nikakubali. Nilifuta sehemu ya kuuliza vitufe, nikaona programu imekuwa fupi na safi, nikajipongeza. Nilijaribu? Nilihakikisha tu kwamba inakubali kuanza bila kulalamika. Kitu kilichofanya kazi jana, na leo kimepunguziwa tu mzigo, kingekosaje kufanya kazi?

Siku ya uzinduzi mnada wa Kajiado ulijaa. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na mgeni rasmi, mstaafu wa idara ya mifugo, mtu mkubwa wa sauti na wa mwili, aliyevaa suti ya kahawia katika jua lile. Skrini ilitundikwa juu ya nguzo, ikafunikwa kitambaa chekundu. Mzee alikuwa amevaa kanzu mpya. Mama alikuja na wale akina mama watatu, waliotaka kuona maombi yakijibiwa.

Mgeni rasmi alivuta kitambaa. Watu wakapiga makofi. Kisha, kinyume na ratiba, akasema kwamba yeye si mtu wa kuzindua kitu asichokijaribu, akapanda mzani mwenyewe na kuanza hotuba yake akiwa juu yake.

Skrini ilikuwa tupu.

Nilikuwa nimesimama kando ya kibanda cha kompyuta. Nilitazama waya, zote zilikuwa mahali pake. Programu ilikuwa inaendelea. Mgeni rasmi alizungumza juu ya maendeleo, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, na nyuma yake kioo kilibaki kitupu kabisa. Mzee alinitazama. Mimi nikatazama ng'ombe.

Hotuba ikaisha. Mgeni rasmi akageuka ashuke, na wakati huohuo namba ikaruka kwenye kioo: mia moja na nne. Yeye hakuiona, maana alikuwa ameipa mgongo. Wasaidizi wa mnada, waliokuwa wameambiwa mnyama wa kwanza asicheleweshe shughuli, wakamsukuma kondoo mmoja juu ya mzani mara tu suti ya kahawia ilipoondoka. Kondoo akasimama. Juu yake, kwa namba za kuonekana hadi ua wa mwisho, ikabaki imeandikwa mia moja na nne.

Halafu mnada mzima ukacheka, hadi ng'ombe wakashtuka. Mgeni rasmi aligeuka, akamtazama kondoo, akatazama skrini, kisha akatazama tumbo lake mwenyewe. Nilitamani ardhi ya Kajiado inimeze, ingawa ilikuwa kavu mno kwa kazi hiyo.

"Huyo kondoo ni wa nani?" akauliza kwa ile sauti kubwa. "Asiuzwe. Nitamchukua mimi."

Wakacheka tena, sasa pamoja naye, na nikadhani tumepona. Hatukuwa tumepona. Skrini iliganda, kisha ikaruka, kisha ikaganda tena. Ndama alipewa uzito wa fahali. Fahali akapewa sifuri. Halafu akaletwa maksai wa mama mmoja wa Kimaasai, mtu mzima, mwenye shanga na koti la sufu la kiume. Alikuwa maksai mzuri, mwenye mgongo mpana kama meza. Skrini ikaonyesha kilo thelathini na mbili.

Mnunuzi wake alikuwa kijana mwenye bucha huko Kware, Ongata Rongai, miwani ya jua kichwani. Alinyoosha kidole juu, akamwita mama kwa Kimaasai.

"Yeyo, unaona? Thirty-two. Mimi nanunua kwa kilo."

"Hiyo ni mbwa," mama yule akasema.

"Kompyuta haidanganyi, yeyo. Hii imetengenezwa na msomi."

Watu wengine wawili watatu wakaanza kusema kwamba sheria ni sheria, skrini imezinduliwa, na iliyozinduliwa ifuatwe. Mzee aliinua macho kwenye skrini. Ilikuwa skrini yake. Kwa miezi alikuwa amewaambia kwamba haitasema uongo. Mama yule hakupiga kelele. Alishika pembe ya maksai wake na kusimama hapo, akitusubiri sisi wenye akili tumalize.

Nikatoka kando ya kibanda. Sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Skrini inadanganya."

"Wewe ni nani?" kijana wa Kware akauliza.

"Mimi ndiye msomi. Nimeitengeneza mimi. Inadanganya. Chuchumaa usome pale chini."

Hakutaka kuchuchumaa, kwa sababu ya suruali. Mgeni rasmi ndiye aliyeinama, akishikilia goti, akasoma kidirisha cha zamani kwa sauti: mia tatu na themanini na kitu. Hakuna aliyemwita mwongo. Nadhani hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa msomaji yeyote wa mzani ule.

Mama wa maksai alinitazama juu hadi chini. "Sopa," akanisalimu, kana kwamba ndiyo kwanza nimefika.

"Epa," nikajibu.

"Mzuri," akasema. "Sasa tengeneza."

Wakarudi kwa shemasi, na mimi nikajifungia kibandani. Sikujua pa kuanzia, na mtu asiyejua pa kuanzia hurudi nyuma. Nilikuwa nimehifadhi toleo la zamani, lile la kitufe. Nikaliwasha. Namba zikaanza kutokea papo hapo, kweli tupu. Nikawasha lile jipya, safi, fupi: kimya. Nikalirudia la zamani. Tofauti yao ilikuwa moja tu, kwamba la zamani liliuliza kama kuna kitufe kimebonyezwa.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo chuoni tulilisoma kwa ajili ya mtihani. Ombi ukiliandika haliendi kwa seva mara moja. Maktaba unayotumia, yaani mkusanyiko wa programu zilizoandikwa tayari, hulitia kwenye kikapu pamoja na mengine, na kikapu kikijaa ndipo hupelekwa. Kuna njia nyingine: programu ikitaka kujua kama kuna kitufe kimebonyezwa, maktaba hukimwaga kikapu kwanza. Kwa hiyo kule nyumbani, kitufe ambacho hakuna aliyekibonyeza ndicho kilichokuwa kikisukuma kila kitu. Nilikiondoa, na uzito wa mgeni rasmi ukakaa kikapuni ukisubiri wenzake.

Dawa yake ilikuwa agizo moja la kuiambia maktaba: peleka yote sasa. Neno moja na mabano yake. Nililiandika baada ya kila namba, na skrini ikanyooka.

Mzee aliingia, akaketi juu ya gunia. Kanzu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini.

"Ilikuwa nini?"

Nikamweleza.

"Neno moja?"

"Neno moja, mzee."

Akafikiri. "Usiwaambie ni neno moja. Watu wamechekwa na kondoo. Wakisikia ni neno moja watakasirika."

Akatoka nje, na nikamsikia akiitangazia kamati kwa Kiswahili chake cha heshima kwamba ndani ya mashine kulikuwa kumeziba, na msichana amezibua. Nilisubiri nicheke, kisha nikatambua kwamba hakuna kitabu chochote kilichowahi kulieleza jambo lile vizuri namna hiyo. Wale akina mama watatu walimwambia mama yangu kwamba walikuwa wanaomba wakati wote nilipokuwa kibandani. Mama akawashukuru.

Baada ya hapo skrini ilisema kweli kila siku ya mnada, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Wauzaji waligundua kwamba ng'ombe akilambishwa chumvi alfajiri atakunywa maji mengi, na maji yana kilo. Wanunuzi nao wakaanza kuwachelewesha ng'ombe juani hadi wakojoe. Lakini wazee ndio walioumia zaidi. Kazi yao ya maisha ilikuwa kumtazama mnyama, kumpapasa nyonga, kubishana, kuondoka kwa hasira na kurudi. Watu wa upande wa mzee walikuwa na namna yao ya kupatana kwa kushikana vidole chini ya nguo, ili jirani asijue. Sasa mnyama akipanda tu, namba inawakata kauli kabla hawajasalimiana.

Miezi michache baadaye mzee aliniita kupitia mabati.

"Binti yangu. Ile mashine, inaweza kukawia kidogo?"

"Kukawia vipi?"

"Mtu apande na ng'ombe yake, tuongee, tukasirike kidogo, halafu ndiyo namba itoke. Vile ilikuwa siku ya kwanza, lakini bila kondoo."

Upande wa pili wa mabati nilimsikia akicheka peke yake. Nilimwambia inawezekana, ila lazima pawe na kitufe cha kuiita namba, na kitufe lazima kiwe na mwenyewe. Kamati ilikutana na kuchagua wa kukishika. Siku niliyokipeleka, aliyekaa kwenye kiti kando ya kibanda alikuwa yule mama wa maksai, koti lake la sufu mabegani, kidole kimoja kikiwa tayari. Mbele yake wanaume wawili walikuwa wanagombana juu ya fahali, na mmoja akamwomba aonyeshe uzito, yaishe.

"Bado," akasema. "Hamjaongea."