Uso wa Sentimita Kumi na Mbili

Mdogo wangu hupeleka vifurushi kwa baiskeli. Kazi hiyo aliichagua mwenyewe akiwa na akili timamu, ingawa ukoo mzima ulitaka akae dirishani benki. Kwa miaka tisa amepanda vilima vya mji huu akiwa na boksi mgongoni, na anafahamu geti lipi lina mbwa na katibu muhtasi gani hasaini mpaka asalimiwe mara mbili. Wenzake humwita Kisoda, kwa sababu ana umbo dogo na uso wake unaenea kiganjani. Jina hilo halimkeri yeye. Linanikera mimi.

Mwaka huu daktari alimwondolea kinyama kilichokuwa kikitambaa kutoka pembe ya jicho la kulia kuelekea kwenye mboni. Akamweleza waziwazi kwamba jua, upepo na vumbi ndivyo vilivyokikuza, na asipovaa miwani inayoziba mpaka pembeni, kitarudi. "Kikirudi, binti, utaiaga baiskeli."

Kampuni yao hutoa miwani ya jua ya michezo kwa kila mwendeshaji, na hakuna anayeruhusiwa kutoka getini bila kuivaa. Ungeusifu utaratibu huo, mpaka ujue miwani yenyewe huchaguliwaje. Mtunza stoo, bwana mwenye kichwa kama mtungi, hujivisha sampuli mwenyewe, hujitazama kwenye kioo cha pikipiki, hutikisa kichwa mara mbili, kisha huagiza boksi zima. Waendeshaji arobaini na mmoja, kumi kati yao wanawake, wanapimwa kwa kichwa kimoja!

Kwa mdogo wangu, miwani hiyo iliteleza puani mara tu jasho lilipoanza, na pembeni ilibaki na mwanya wa kupitisha kidole. Alipoifunga kwa mpira wa sketi kisogoni, vioo viligusa kope na kujaa ukungu. Siku moja, kwenye mteremko, aliachia usukani ili aipandishe. Gurudumu likaingia shimoni. Nilimkuta nyumbani akiosha goti, jicho jekundu kama pilipili.

"Umemwambia mtunza stoo?"

"Nimemwambia, dada. Kasema miwani haina shida, shida ni kichwa."

Kesho yake tuliingia kwenye duka kubwa la vifaa vya michezo. Muuzaji alimtazama mdogo wangu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, akatuelekeza kwenye rafu ya watoto. Akatuletea miwani ya waridi yenye sungura.

"Hii inamkaa vizuri, mama."

"Inazuia mionzi ya jua?"

"Si unaona ni nyeusi?"

Nilihisi damu ikinipanda. Weusi wa kioo si kinga. Kioo cheusi kisichozuia mionzi huifanya mboni ipanuke, ikaupokea ubaya wote kwa mlango wazi. Nilimweleza hivyo kwa sauti ambayo mlinzi aliisikia akaja.

Aliyetusaidia ni fundi miwani mmoja, bibi mpole mwenye chumba nyuma ya duka la dawa. Hakuuliza umri wala hakucheka. Alitandaza utepe kutoka panja hadi panja: sentimita kumi na mbili. Akatoa miwani nyembamba ya wakimbiaji, akaangaza vioo kwa kitochi chake kupima kama vinazuia mionzi, akabadilisha vipira vya pua, akapasha moto mikono ya miwani na kuikunja nyuma ya masikio. "Inama. Ruka. Cheka," akaamuru. Haikusogea.

Asubuhi nilimsindikiza kazini. Mtunza stoo akasimama mlangoni.

"Hiyo si ya kampuni. Rudi nyumbani, Kisoda."

Nilifungua mdomo, lakini mdogo wangu akanitangulia. Alivua miwani yake, akavaa ya kampuni, akainama kama anayefunga kamba za kiatu. Ikaruka mpaka chini ya meza ya vifurushi. Waendeshaji wakaangua kicheko. Akampa mtunza stoo ile mpya.

"Sasa mkuu, vaa hii yangu."

Mbele ya watu wote hao, angekataaje? Alijilazimisha. Mikono ya miwani ikatanuka, ikagotea kwenye mashavu.

"Inabana! Inaniumiza!"

"Imekuumiza nusu dakika. Yako nimeivaa miaka tisa."

Akairudisha, akachukua fomu na kuandika: "Kibali maalumu kwa sababu ya umbo lisilo la kawaida." Mdogo wangu hakungoja kukisoma. Alikuwa na vifurushi kumi na vinne. Alivuka geti akikanyaga pedali kwa nguvu, macho yamekingwa sawasawa.

Mimi nilikisoma, nikamtaka mtunza stoo akifute. Akasema fomu haifutwi. Tulikuwa bado tunabishana, sauti zetu zikifika barabarani, mwendeshaji mmoja mwanamke, miwani yake ikining'inia kidevuni, aliponivuta mkono.

"Dada, mwache huyo. Fundi wenu yuko wapi?"

Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine watano.